Siku Baba Mkwe Alipogeukia Ukuta

Mpendwa Baba Lugano,

Ile nguzo ya umeme mbele ya nyumba yetu hapa Iyunga, uliyoiacha ikiwa mpya, siku hizi imegeuka duka la dawa. Wameibandika makaratasi kutoka chini hadi mkono unapofika: dawa ya nguvu za kiume, dawa ya kupata mimba, dawa ya kumrudisha mume. Juzi nilimwomba Tumaini, binti wa Lugano, anisomee. Akasoma maneno mawili, akakohoa. "Bibi, ni matangazo tu." Matangazo gani hayo yanamtia haya mke wa mtu?

Redioni nako ni hayo hayo, na wazee wenzangu kanisani wanatikisa vichwa: "Zamani watu walikuwa na haya." Haya gani, Baba Lugano? Mimi nilipoolewa kwenu mlimani, watu walilisalimia tumbo langu kwanza, uso baadaye. Wanawake walinitwisha mtungi mtoni huku macho yao yakinipima kiuno. Mambo yalikuwa yale yale, ila yalisemwa kwa sauti ya chini.

Nakumbuka ulivyorudi kutoka migodi ya Johanesbagi. Ulikuja na sanduku la bati, blanketi zito la kijivu la kumpa baba yako, na kwangu kitambaa chenye maua makubwa kuliko ya duniani. Niliringa kijiji kizima. Mwezi haukuisha, ukawa ukienda haja unarudi umekunja uso. Kisha ukanifuata shambani kwenye maharage, ukaketi kwenye tuta. "Nimerudi na ugonjwa," ukasema. "Nadhani nimekupa na wewe."

Nililima tuta lile hadi mwisho, nikaanza jingine. Nilikuwa na hasira ya kutosha kulima hadi Tukuyu. Lakini nilijua pia kwamba wenzako wengi walirudi na kisonono hicho hicho, wakanywa mizizi kwa siri, wakawaacha wake zao waumie bila kujua. Na kijiji kiliuita ugonjwa wa wanawake, ingawa ulishuka kwenye lori pamoja na wanaume. Wewe ulisema. Kwa hilo nilikusamehe, si siku ile lakini, usijidanganye.

Shida haikuwa maumivu tu. Mama yako alishaniletea ujumbe wa baba yako: mavuno yakipita bila mimba, ng'ombe watatoka zizini kwenda kwa binti mwingine. Yeye mwenyewe asingeweza kuniambia. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani; akitokea njiani, mimi nilijitupa majanini nimejifunika. Nilimjua kwa kikohozi chake na mlio wa fimbo yake, basi.

Ulikwenda zahanati ya misheni peke yako, dresa, yule mfunga vidonda na mchoma sindano, akakurudisha. "Mlete mkeo. Nikikuchoma wewe tu, natwanga maji kwenye kinu." Tukaondoka asubuhi na ukungu, wewe mbele, mimi nyuma. Baraza lilikuwa limejaa. Wewe ukaitwa kwanza: "Ambokile!" Mimi nilikuwa bado uani nilipokisikia kile kikohozi. Baba yako! Amekuja na kidonda chake cha mguu, ameketi kwenye benchi kando ya mlango, na mlango wenyewe ni mmoja. Nikachuchumaa nyuma ya pipa la maji ya mvua.

Dresa, mtu wa kuja asiyejua mila zetu, akatoka akapaza sauti: "Mke wa Ambokile! Sindano yako!"

Mume kachomwa, sasa mke anaitwa. Nani angehitaji kuelezwa? Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, "Kumbe ndiyo maana hazai." Wewe ulisimama mlangoni unajisugua tako, unamtazama baba yako, unalitazama pipa. Mtoto hamwambii baba yake aondoke. Dawa ile ilipatikana kwa nadra. Kama ningerudi bila sindano, ningerudi kumpisha mke mwenza.

Kikohozi tena. Nikachungulia, Mungu anisamehe, nikaona blanketi la kijivu tu. Baba yako alikuwa amejifunika toka kichwani, ameupa mlango mgongo, uso ukutani. Akauambia ukuta: "Nyie mnatazama nini? Kila mtu hapa ana kidonda chake. Geukeni, binti yangu apite."

Wakageuka wote. Nikapita. Maisha yangu yote nilikuwa nikijificha mimi. Siku ile mzee mwenye ng'ombe na sauti yake alijificha kwa ajili yangu. Nililia humo ndani, dresa akadhani ni sindano.

Habari za mke wa pili hazikusikika tena. Lugano alipozaliwa, baba yako alituma mkungu wa ndizi, yeye hakuja. Alikufa hajauona uso wangu. Wajukuu wakiniuliza alifananaje, nawaambia alikuwa wa kijivu. Na wewe hadi uzeeni, ukikohoa tu, uliniambia: "Jifunike, baba huyo!" Nyumba haina mtu wa kunitania sasa, Baba Lugano. Inaniuma.

Tumaini naye hakuja kunisalimia tu. Ameolewa, mtoto bado, na wakwe wameanza maneno. Jana nilimkuta pale kwenye nguzo ananakili namba ya simu. Nikamketisha nikamsimulia yote, hata habari ya tako lako, unisamehe. Nikamwambia waende hospitali wote wawili.

"Bibi, hatakubali."

"Babu yako alikubali, na alikuwa na majivuno ya Johanesbagi."

Leo asubuhi kijana, mumewe, amekuja kumchukua waende hospitali. Hapa mtaani siri hailali. Majirani walikuwa wameshaacha kufua, wamesimama na nguo mikononi. Mimi nilikuwa kibarazani. Tumaini alipotoka ameinamisha kichwa, nilijifunika kitenge gubigubi, nikageukia ukuta, nikakohoa kwa nguvu kile kikohozi cha baba yako. Nyuma yangu nikasikia viatu vya watu wawili vikipita.

Pumzika, mume wangu. Kwa yale uliyoniambia kwenye maharage, ndaga fijo. Siku ile sikukushukuru.

Mkeo,
Mama Lugano