T Chini ya Upinde

Ranchi ya Tveit, Montana
3 Septemba 1971

Mdogo wangu Orrin,

Pokea salamu zetu, na kabla hujasoma zaidi hesabu mifupa yako uniambie mingapi bado mizima. Huku hatujambo. Goti la Baba linamsumbua asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza lini umekuwa daktari. Nyasi za majira ya baridi tumeshazifunga na ghala limejaa. Tumefunga mimi na Baba, maana mwenye ranchi yuko barabarani kwenye mashindano ya rodeo, akirushwa na farasi wa watu. Nakutania, lakini nusu tu.

Sasa sikiliza. Mwaka huu chapa za ng'ombe zinaandikishwa upya, kama kila baada ya miaka kumi. Karatasi imetumwa kwako, kwa sababu Baba alikuandikisha wewe ulipotimiza miaka kumi na minane. Alidhani chapa itakufunga nyumbani. Mimi niliyeshika kamba tangu nina miaka tisa sikuulizwa, na leo sahihi yangu haina kazi. Lazima iwe yako. Mwisho ni tarehe 31 Desemba. Ikipita hapo, chapa haina mwenyewe, na yeyote anaweza kuiomba. Babu aliichoma T ile chini ya upinde kabla bonde hili halijawa na uzio hata mmoja. Tia sahihi, peleka posta, basi.

Baba anakusalimu. Kila Jumatatu anafungua gazeti kwenye habari za rodeo, halafu anajifanya anatafuta hali ya hewa.

Dada yako,
Ragna

*

Amarillo, Texas
28 Oktoba 1971

Dada Ragna,

Salamu kwako na kwa mzee. Mimi mzima, nimefungwa bandeji sehemu mbili tu, na zote huzioni nikivaa shati.

Juzi kura ilinipa farasi mmoja anayeitwa Mjane. Wenzangu walinipa pole kabla sijapanda. Nilikaa sekunde nane zote zinazotakiwa, na filimbi ilipolia nilikuwa bado nimetulia kama mtu aliye kanisani. Nikashika nafasi ya pili. Nikikaza hivi hivi naweza kuingia fainali za mwaka, kwa hiyo Krismasi msiniwekee sahani.

Karatasi ya chapa nimeshaituma. Mwambie Baba alale usingizi. Siku nyingine niulize mambo magumu.

Mdogo wako,
Orrin

*

Ranchi ya Tveit
15 Novemba 1971

Mdogo wangu,

Hatujambo, tunakuombea bandeji zisiongezeke. Barua yako nimemsomea Baba mara mbili. Aliposikia habari ya karatasi alivaa kofia yake nzuri, akaenda mjini kunywa kahawa, na kule akawatangazia watu: "Kijana wangu ameshatia sahihi. Nyie mnangoja nini?" Alirudi anapiga mluzi. Sijamsikia akipiga mluzi tangu Mama afariki.

Basi nimekusamehe Krismasi.

Dada yako,
Ragna

*

Ranchi ya Tveit
11 Aprili 1972

Orrin,

Salamu. Tuko wazima.

Jumanne moja mwezi uliopita tulipakia ng'ombe wakubwa kumi na wanne kwenye lori. Clem, mkaguzi wa chapa, akafungua kitabu kipya. Akatafuta, akarudia kutafuta. Kisha akamwambia Baba, "Halvor, chapa hii si yenu. Tangu Februari ni ya Pruett." Ni yule bwana aliyenunua ardhi ya mtoni. Aliikuta haina mwenyewe, akaipenda, akaiomba. Sheria iko upande wake. Anasema hana haja na ng'ombe wetu, lakini chapa hairudishi.

Nilitazamia wewe ndiwe utakayetajwa. Baba akavua kofia, akasema, "Kosa langu, Clem. Kijana alitia sahihi, akanitumia mimi niipeleke. Nimeiweka mahali, sijui wapi. Uzee huu." Nikafungua mdomo. Akanikanyaga mguu, Orrin, kweli alinikanyaga.

Nyumbani nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nimebakiza miaka michache ya kuitwa mjinga. Yeye amebakiza arobaini."

Tangu siku ile watu wananiuliza mimi kila kitu. Clem akija anaongea na mimi, na Baba kasimama pale pale. Mwenye duka anamwandikia kwenye kikaratasi vitu alivyofuata, asije akasahau. Majirani walikuwa wakimwita Baba kuamua ugomvi wa mipaka, sasa wanamshika mkono kumvusha barabara. Wanafanya kwa upendo, na hilo ndilo linaloniuma.

Nimeandikisha chapa mpya kwa jina langu. Tarehe 10 Juni majirani watakuja kutusaidia kuwachoma ng'ombe chapa hiyo. Safari hii si ndama tu, ni kundi zima. Kila ng'ombe atachomwa mara ya pili kwa sababu ya kikaratasi kimoja. Uliniandikia kwamba umetuma. Kama kuna jambo silijui, niambie.

Ragna

*

Clovis, New Mexico
2 Mei 1972

Dada yangu,

Sijui niulize hali yenu kwa uso gani.

Hakuna usilolijua. Sikutuma. Nilipokuandikia, karatasi ilikuwa ndani ya pikapu, chini ya glavu zangu, nami nilikusudia kuipeleka posta Jumatatu. Jumamosi farasi akanibamiza kwenye uzio, bega likavunjika, nikasahau. Januari niliikuta. Ningekupigia simu siku ile ile tungemwahi Pruett. Niliona haya. Niliirudisha chini ya glavu, nikaendesha gari hadi rodeo iliyofuata. Kusahau ungenisamehe, lakini ile Januari sijui nani atanisamehe.

Nakuja tarehe 10. Nitasema mbele ya watu wote. Usimwambie Baba, atanizuia.

Mdogo wako,
Orrin

*

Sheridan, Wyoming
12 Juni 1972

Dada Ragna,

Natumaini mikono yako imepoa, maana ulichoma chapa ng'ombe wengi kuliko wanaume watatu. Nisamehe kwa kuondoka bila kukuaga. Ulikuwa umeyapeleka makundi malisho ya juu, na mimi sikuweza kukungoja ndani ya nyumba ile.

Wakati wa chakula, wewe ulikuwa umeenda kuwanywesha farasi, kwa hiyo hukusikia. Nilisimama mezani, maharagwe yakiwa midomoni mwa watu, nikasema yote: karatasi, uongo, Januari. Halafu Clem akaweka uma chini, akaja kunishika mkono, akamgeukia Baba: "Halvor, umelea mtoto." Mke wake akafuta machozi. Mwingine akaninong'oneza, "Tunajua ilivyokuwa, kijana. Umefanya vizuri kumsitiri mzee wako."

Nikaapa kwamba kosa ni langu. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonipenda. Wakanikatia kipande kikubwa cha pai, nami nikakila.

Walipoondoka nikamfuata Baba jikoni. Nikamwambia, "Baba, waambie ukweli. Wewe unaujua." Akanishika shingo kwa mkono wake mzito. "Asante mwanangu," akasema, "lakini usijitwishe. Bahasha yako niliipokea. Naikumbuka kabisa, ilikuwa na stempu ya tai. Nimeitafuta ghala zima."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Sijui kama ni uzee umefika kweli, au ni sisi sote tuliomfundisha kujiona hivyo, mimi nikiwa wa kwanza. Akaniuliza kama naweza kumwangalizia bahasha hiyo juu ya kabati, kwa kuwa goti lake halimruhusu kupanda.

Nilipanda kiti, Ragna. Baba akakishika kisiyumbe, na mimi nikatafuta.

Mdogo wako,
Orrin