Kwa Eedo Hanne, Aliyerudisha Salamu

Kwako Eedo Hanne,

Nimekuita Eedo, shangazi, tangu siku ya pili tulipojuana, na kufa kwako hakutanibadilisha ulimi. Binti yako alinitumia habari wiki tatu zilizopita, pamoja na tanzia iliyotoka gazetini huko kwenu Ujerumani. Nililia, nikanawa uso, nikaisoma, kisha nikapandwa na hasira. Wametaja filamu zako zote: ulizowahariria wengine, ulizoelekeza mwenyewe, zilizopata tuzo. Yetu haimo! Filamu yako ya mwisho, uliyoipiga Modogashe na mchanga menoni, hawaijui kabisa. Sasa mimi niliyekuwa mkalimani wako ninyamaze? Thubutu!

Unakumbuka ulivyofika Garissa? Kiswahili ulikuwa umejifunza darasani, kimenyooka hadi tukakuonea haya sisi tunaosema "hiyo mtu." Nilikupeleka Modogashe kwa Aabo, baba yangu, ukaketi mkekani, naye akataka kujua unafanya kazi gani. Ukamweleza kwamba ulianza ukiwa na miaka kumi na saba, ukifagia vipande vya filamu chini ya meza za wahariri. Kisha miaka thelathini ukakata na kuunga filamu za wengine, jina lako likipita mwishoni wakati watu wanatafuta makoti yao. Ulipita hamsini ndipo ukawa mwelekezi.

"Kwa hivyo kazi yako hasa ni nini?" Aabo akauliza.

"Kutupa," ukajibu. "Napiga picha saa mia, natupa tisini na tisa."

Nilipomfasiria, Aabo alishika ndevu. "Wallahi, huyu mama ni mharibifu. Mpe chai."

Ukakaa nasi miezi miwili. Siku ya kwanza ulikunywa maziwa ya ngamia ukakimbilia nyuma ya boma, ukarudi umefuta mdomo, ukaomba kikombe kingine. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu ikaja ile siku Adeer, kaka yake Aabo, alipofika kutoka Diff. Walikuwa hawajaonana miaka sita. Wakasimama kisimani, mikono imeshikana, wakajuliana hali kama tunavyojuliana sisi: watoto, mvua, malisho, ngamia, wagonjwa, mmoja baada ya mwingine, na kila swali jibu lake amani, amani. Kwetu hata kama nyumba inaungua, kwanza unaulizwa habari. Dakika nne nzima. Nilikuona unafuta machozi nyuma ya kamera, usikatae.

Miezi minane baadaye ukarudi na filamu iliyokamilika. Tuliionyesha asubuhi katika darasa la shule pale Modogashe, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Ikafika kisimani. Adeer akatokea, Aabo akatokea, na papo hapo wakaanza bei ya ngamia. Salamu ulikuwa umezitupa! Darasa likaguna. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Kumbe hawa ndugu wamekosana?" Aabo akainuka, akaenda mlangoni kuvaa viatu, mimi na wewe nyuma yake. Akaniambia kwa Kisomali, "Mwambie aichome. Amenifanya mtu asiyemjulia hali ndugu yake."

Eedo, leo nakiri. Sikukuambia hivyo. Nilikutazama usoni nikaogopa, nikasema, "Baba anaomba urudishe salamu."

Ulishika kichwa. Televisheni ya kwenu ilishaipokea ilivyo, na salamu ndizo hasa walizozikataa. Eti watazamaji watalala. "Sahra," ukaniambia, "wakiikataa hii sina nyingine. Nimezeeka." Lakini siku mbili ulikaa kwetu na kompyuta mapajani, ukazirudisha zote, hadi habari za mbuzi mmoja anayechechemea. Tukaionyesha tena. Aabo alikaa mpaka mwisho, kisha akaamuru, "Rudisha pale kisimani." Tulirudisha mara tatu. Ukaondoka nayo kwenu, na baada ya mwezi nikapata ujumbe wako: "Wamekataa. Nimestaafu. Nalala vizuri."

Wewe ulilala vizuri, mimi je? Siku hizi nina kiduka changu Garissa cha kuhariri video za harusi, kwa ile kompyuta uliyoniachia, na maharusi wananisifu. Lakini kila nilipokaa kazini jambo lile lilinichoma. Miaka hamsini ya kazi yako, nikaimaliza kwa uongo wa sentensi moja. Tanzia ilipokuja bila filamu yetu, nilijua ni kwa sababu yangu.

Juzi nikaenda kumwambia Aabo. Akasema Inna lillahi, akauliza binti yako yuko na nani, kama ana watoto, kama wanakula. Nikamjibu, kisha nikatubu mbele yake nikilia kama mtoto. Unajua alifanya nini? Alicheka mpaka akakohoa. Akaniacha na Kisomali changu, akanijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, kile kisicho na herufi p, nilichodhani kinaishia kwenye bei za ngamia.

"Sahra, mimi nauzia watu wa Nairobi ngamia miaka arobaini. Hiyo Kiswahili ulimwambia bale mlangoni, nilisikia yote."

"Sasa mbona ulinyamaza, Aabo?"

Alinyoosha kikoi chake, akatazama nje.

"Hiyo ndiyo nilitaka. Kuomba ndiyo ilinishinda."

Basi, Eedo, hukudanganywa. Ulikuwa na nafasi moja tu iliyobaki ya kuonekana na watu wa kwenu, ukampa mzee wa Modogashe aliyeshindwa kuomba. Nimemwandikia binti yako aiongeze filamu yetu kwenye orodha, tena aiweke juu. Akikataa, atanijua mimi ni nani! Nakupenda sana, na nakushukuru. Buriani.

Mimi, binti wa kaka yako,
Sahra