Nyota Sitini na Tatu na Kifo Ulichonisingizia

Shangazi,

Sikuulizi hali, maana nilikuwepo Mwese tulipokuzika. Ni mimi niliyesimama mbele ya watu kusoma wasifu wako, kwa sababu mwalimu wa ukoo ni mimi na sauti yangu inafika mbali. Nilisoma kila neno walilonipa: “Marehemu aliwalea watoto wa kaka yake kama wa kwake.” Sikuinua macho kwenye karatasi. Watu wakadhani ni majonzi. Ilikuwa hasira, Shangazi, na bado ninayo.

Unaikumbuka ile jioni? Mimi nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Elia mitano. Baba alishafariki, na mama alikuwa amekwenda Mpanda kumuuguza bibi hospitalini, akatuacha kwako. Tulikuwa tumemaliza ugali na maharage, tumekaa uani juu ya turubai la kuanikia mahindi. Hakukuwa na taa hata moja pale kijijini, na nyota zilikuwa zimejaa mpaka kwenye vilima. Elia akauliza, “Dada, ziko ngapi?” Nikamwambia tuhesabu. Yeye ananyoosha kidole, mimi nataja. Tulifika sitini na tatu, tukaanza kugombana kwa sababu nyota moja alikuwa ameionyesha mara mbili. Ndipo ukatoka jikoni na mwiko.

“Mnahesabu nyota? Hamjui kuzihesabu huleta kifo? Mnataka tufe humu ndani?”

Ukanichapa nao begani. Elia akalia kabla yangu.

Siku mbili baadaye aliamka na homa. Ukamchemshia majani. Kesho yake Baba Jesca, yule jirani wa ng’ambo ya mfereji, akaja na baiskeli, akasimama mlangoni. “Dada, nipe mtoto nimuwahishe zahanati.” Ukamjibu kwamba ni homa tu, kesho atakuwa mzima. Siku iliyofuata akaja tena. Ukasema kesho. Mimi nilikuwa nimekaa chini pembeni ya kitanda, nimeushika mkono wa Elia, unaunguza.

“Shangazi, anatetemeka.”

“Nyamaza. Wewe umeshafanya ya kutosha.”

Siku ya nne degedege likamshika. Hapo ndipo ukambeba. Alifia mgongoni kwako, njiani, kabla hujaliona hata bati la zahanati.

Mama alifika amechoka, kanga imejaa vumbi, akakuuliza mbele ya waombolezaji imekuwaje. Ungeweza kusema ulichelewa. Watu huchelewa. Badala yake ukaninyooshea kidole: “Usiniulize mimi. Muulize huyu. Nilimkuta anahesabu nyota.” Wanawake wote waliokuwa mkekani waligeuka. Mmoja alimvuta mwanawe aliyekaa karibu nami. Nilimtazama mama, nikasubiri aseme neno. Hakusema. Usiku ule nililala peke yangu jikoni.

Miaka mingi sikuinua macho nje jua likishazama. Nikitumwa kwa jirani jioni, natembea nimeinama. Watoto wenzangu walijua, wakubwa walijua. Nami nilikubali, Shangazi. Niliamini nimemuua Elia.

Nikafika kidato cha tatu, Mpanda. Mwalimu wa fizikia akatueleza kwamba jua letu ni nyota moja tu katika kundi kubwa liitwalo galaksi, na ule mkanda mweupe tunaouona angani ni sehemu yake. Akaandika ubaoni: nyota kati ya bilioni mia moja na bilioni mia nne. Nikanyoosha mkono.

“Mwalimu, walizihesabu zote?”

“Nani ataziweza? Wamekadiria.”

“Na hao waliokadiria, walikufa?”

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Akasema, “Wanakufa kwa uzee na maradhi, kama sisi wote.” Nilitoka nikaenda nyuma ya darasa, nikalia mpaka kengele ya chakula.

Ndiyo maana nafundisha fizikia. Na ulipokuja kwangu Kakese kutibiwa macho, nilikupikia wali na kuku, ukala, ukasifu. Kisha nikakwambia taratibu, kwa heshima zote. Kwamba mwanga hukimbia kilomita laki tatu kwa sekunde moja, na bado huchukua kama miaka laki moja kuivuka galaksi yetu kutoka ukingo hadi ukingo. Kwamba mtu akihesabu nyota moja kila sekunde, asile, asilale, itampasa aishi zaidi ya miaka elfu tatu, na hapo ni kwa makadirio yale ya chini. Sisi tulihesabu sitini na tatu. Nikakuuliza, “Katika zote hizo, Shangazi, ni ipi iliyomuua Elia?”

Ulinawa mikono. Ukasema, “Mbona unafukua mambo ya zamani? Mungu alimpenda.”

Mungu! Ulimweka Mungu pale ulipokuwa umeniweka mimi. Mahali pako wewe hukutaka kukaa hata dakika moja. Ningekusamehe kwa ile kesho yako, kwa sababu nawajua wazazi wengi waliosema kesho. Siwezi kukusamehe kwamba uliutafuta mgongo wa kubebeshwa, ukachagua wa mtoto wa miaka tisa.

Baada ya mazishi nilimfuata mama kwenye mafiga. Nikamuuliza kama aliwahi kuamini. Aliendelea kukoroga uji.

“Sikuamini. Baba Jesca aliniambia wiki ileile.”

“Mbona ulinyamaza?”

“Nilikuwa mjane, mwanangu. Nyumba ilikuwa ya ukoo wao. Ningegombana na wifi, ningekwenda wapi na wewe?”

Nilimwambia, “Walisikia wote siku ile. Basi na leo wasikie wote.” Nilisema naye kwa ukali ambao sikuwahi kumtolea, na siuombei radhi.

Siku ya kuanua matanga, kabla watu hawajatawanyika, mama alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Elia wangu aliuawa na homa. Alicheleweshwa hapa nyumbani. Huyu binti hakufanya kosa lolote, na mimi nilijua.” Kaka zako wakaanza kunong’ona kwamba marehemu hasemwi. Baba Jesca, mzee sasa, akainuka na fimbo yake: “Ni kweli. Nilikuja mara mbili.” Yule mwanamke aliyemvuta mwanawe alikuwepo, ameinamia kikombe chake. Hakuja kuniambia kitu, wala sikumsubiri.

Sijapoa. Nikipoa nitakuja Mwese nikwambie mwenyewe, na nisipopoa ujue hivyo.

Walinipa brashi na rangi niandike msalaba wako, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Wakataka niongeze “Mama wa wote”. Niliandika jina lako, nikafunika kopo.

Mimi,
binti wa kaka yako, dada yake Elia