Pachia Hakuitika

Fresno, Septemba

Mdogo wangu Yer,

Mpunga wa huko umeiva? Pilipili zangu zimestawi.

Jumapili tulikwenda kwenye hifadhi ya msitu kuona miti mikubwa, mingine minene kuliko nyumba yetu ya Laos. Ghafla mjukuu wangu Pachia akatoweka. Nilimwita hadi sauti ikanikauka. Nikawaza dubu, nikawaza makorongo.

Tulimkuta ndani ya shina lenye uwazi, amejiziba mdomo.

“Hukunisikia?”

“Nilisikia, Bibi. Si ulisema nikiitwa msituni nisiitike, mizimu inaiga sauti?”

“Haya, Mama, furahi sasa!” binti yangu akafoka. “Mwambie aitike!”

Nimejaribu mara tatu, Yer. Kila nikifungua mdomo, namsikia kaka Tou akiitikia sauti isiyo yetu msituni, siku ile tulipokimbia vita bila yeye.

Dada yako,
Xia