Nyongeza Yako Kwenye Pakiti za Nusu Kilo

Dani wangu, bibi yangu mpendwa,

Nyavu zako za kuanikia omena, dagaa wa ziwa letu, bado ziko palepale ulipozitandaza. Kila asubuhi nikipita kando ya kaburi lako na karai kichwani, nakuamkia kwanza, kisha nakumbuka. Mjukuu wako hajabadilika sana. Shule nimemaliza, lakini mbele za watu bado naona haya kusema.

Nakuandikia kwa sababu ya chemba ya wafanyabiashara. Baada ya mazishi, katibu alipiga simu kutoka Homa Bay. Alinipa pole, halafu akasema taratibu kwamba nafasi yako katika kundi la wauza omena haiwezi kukaa wazi. Kama kuna mtu wa nyumba yako anayeitaka, alete pakiti za majaribio na asimame mkutanoni ajitambulishe. La sivyo itapewa mwingine. Nikajibu, "Sawa."

Nakumbuka ulivyoicheka hiyo chemba mwanzoni. Ulisema ni watu wa kuvaa tai na kunywa soda. Kisha wakatupeleka kwenye maonyesho Migori, wakakupa meza karibu na akina mama wa Kehancha walioleta nafaka ya wimbi. Hukujua Kikuria, wao hawakujua Kijaluo, na Kiswahili chenu kilichechemea pande zote mbili, lakini kabla ya saa sita mlikuwa mmeshabadilishana omena kwa wimbi na mnapigana mabega kwa kucheka. Halafu chemba ikakusaidia kupata kile cheti cha ubora ulichozungushwa ofisi hadi ofisi. Siku hiyo ulirudi Rusinga ukaniambia, "Nyathina, mwanangu, mmoja akibisha mlango hawasikii. Wakibisha thelathini, wanafungua."

Basi nikapakia. Nilipepeta mchanga wote ukaisha, nikaweka omena kwenye mizani. Iliposoma nusu kilo, mkono wangu ukarudi kwenye karai wenyewe, ukachota nyongeza, ukatia. Kila pakiti hivyo hivyo. Sikufikiri hata kidogo. Ni nani anauza omena bila nyongeza? Si wewe uliyesema mteja asiyeongezewa amefukuzwa kwa adabu?

Mkutanoni, mnunuzi alikuwa Mzee Swaleh, yule mwenye maduka Migori. Alipima pakiti ya kwanza, akapima ya pili, akavua miwani.

"Hii imezidi. Hii imezidi zaidi. Binti, lebo inasema nusu kilo, mizani inasema kingine. Nimwamini nani?"

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Huyo ni mtoto wa shule, mwacheni akapumzike." Watu wakacheka. Katibu akaniangalia kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniumiza, maana niliona nafasi yako inaondoka.

Nilitazama chini. Nilikuwa nimevaa viatu vyako vya ngozi, vile vya kanisani, na soksi mbili mbili ili visinitoke. Dani, viatu hivyo havijawahi kutoka kwenye mkutano bila kusema kitu.

Nikasema jina langu. Nikasema mimi ni mjukuu wa Mama Omena wa Rusinga, na kilichozidi si kosa la mizani, ni nyongeza, kwa sababu Dani hakuwahi kuuza bila nyongeza. Sauti ilitetemeka lakini ilifika mwisho.

Mzee Swaleh akacheka polepole. "Yule mama? Aliwahi kuniongezea mpaka nikaomba mfuko mwingine."

Mwenyekiti hakucheka. Alinieleza kama unavyomweleza mtu mzima. Sokoni mteja anaiona nyongeza ikimwagwa mbele ya macho yake, anashukuru. Ndani ya pakiti iliyofungwa haionekani. Anachoona dukani ni kwamba hatujui kupima. Na pakiti zote zina alama ya chemba, kwa hiyo nikikosea mimi, tumekosea wote. Nilielewa. Lakini nikauliza, na sijui nilitoa wapi ujasiri, kama nyongeza inaweza kukaa kwenye kijifuko chake, kimefungwa juu ya pakiti ili mtu akione.

Mzee Swaleh alikuwa wa kwanza kusema niilete hivyo. Yule mama wa nyuma, aliyenicheka, ndiye aliyeniazima mashine yake ya kufunga mifuko, akaniambia, "Ukiichoma, utanijua." Wiki iliyofuata chemba ilinifundisha kupima na kupakia kwa siku tatu, na sikulipa chochote. Nafasi yako ipo, Dani. Nimekalia kiti chako. Kina mguu mmoja mfupi, hukuwahi kuniambia.

Nimekukosa. Nikipepeta omena nasubiri useme bado kuna mchanga. Hakuna anayesema, kwa hiyo napepeta tena.

Mwezi ujao tunakutana Migori, na akina mama wa Kehancha watakuwepo. Nakuahidi nitasimama kabla sijaitwa. Nitawasalimia kwa jina lako kwanza, kisha kwa langu.

Pumzika, Dani. Kijifuko cha kwanza cha nyongeza nilikifungua nikakumwagia juu ya kaburi. Kuku wamekula yote. Najua ungewafukuza kwanza, halafu ungewaongezea.

Mjukuu wako,
Adhiambo