Mumiani Asiyeomba Radhi

…lakini hapana, nafuta nilichoandika hapa juzi. Yule mumiani wa tamthilia si mtakatifu kiasi kile.

Leo ni Jumapili, na unyevu wa Guangzhou umezidi mpaka vigae vya ukutani vinatoka jasho. Nguo hazikauki. Mimi sijali! Nina siku arobaini na moja za ndoa, na bado nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu kama mwehu.

Mume wangu Sudi (ona, tena!) alifunga duka mapema, tukaangalia tamthilia yangu mpya. Kwa wasioijua: imechipuka kutoka tamthilia ya zamani ambamo yule mnyonya damu alikuwa katili kupindukia. Sasa amepewa yake mwenyewe. Amehamia mji mgeni, anaokoa watu ili asamehewe. Na macho yale, jamani!

Sudi akatafuna karanga, akauliza, "Bibie, hawa anaowaokoa ndio aliowauma?"

"Siyo. Hawa ni wengine."

"Sasa toba gani hiyo? Wenyewe wako kule, bado wamejishika shingo!"

Nilicheka. Kisha nikaanza kulia.

"We! Unamlilia mumiani na mimi nipo hapa?"

Sikuwa namlilia mumiani. Nilimkumbuka Mama Bea.

Mama Bea ni fundi wa Kikongo, anashona kule Kangle, mtaa wa mafundi cherehani. Alinishonea gauni la harusi wiki mbili nzima, zawadi, kwa sababu nilimwambia sina mama huku. Siku yenyewe wanawake wa Dengfeng, mtaani kwetu, wakanizunguka: fundi nani, fundi nani? Nami nikataka nionekane bi harusi wa maduka makubwa. Nikapunga mkono kama wauza vitambaa wa Kichina wanapokukatalia: "Fundi? Meiyou!" Hakuna. La dukani hili.

Wakacheka wote.

Mama Bea alikuwa nyuma yangu, ameshika pindo lisiburuzike.

Alilishika mpaka mwisho wa sherehe. Tangu hapo hajakanyaga Dengfeng, nami nimekuwa mwema kwa kila mtu isipokuwa yeye. Nawapikia wageni, nawapeleka dada wapya sokoni, naitwa mke mwenye roho nzuri. Kangle siendi.

Leo nimeandika kwenye kundi letu la wanawake, mbele ya wote walionisikia: "Gauni langu lilishonwa na Mama Bea. Nilidanganya."

Baada ya saa nzima Mama Bea, naye yumo kundini, akanitumia ujumbe wa sauti: "Ma chérie, nimesoma. Lakini si kidole ilisema meiyou. Ni kinywa yako. Ulete hiyo kinywa huku."

Sudi amejitolea kunisindikiza. Nampenda, lakini nimemkatalia. Hili ni langu.

Sijui kama Mama Bea atanikumbatia au atanifungia mlango. Nitakwenda hivyo hivyo, na nitasema mbele ya mafundi wenzake wote, kwa sauti, nisifunikwe na cherehani.

Mama Bea, kama unasoma hapa: kabla mwezi huu haujaisha, nitakuwa mlangoni kwako.