Chuma cha Dirisha la Magarama

Muyinga, Jumapili asubuhi

Baba yangu,

Asalamu aleikum. Najua ni Mariamu anayekusomea, kwa hiyo namwomba kwanza akuwekee kiti chako karibu na mlango, akupe chai ya tangawizi, kisha asome polepole bila kuruka mistari. Mariamu, mdogo wangu, nakujua. Ukifika mahali pa kulia usijifanye unakohoa.

Hali yako, Baba? Macho yanasemaje? Mgongo umetulia? Msikitini bado unakwenda peke yako, au sasa Mariamu anakushika mkono? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Nimekonda kidogo kwa vumbi la kiangazi na kwa maharage ya kujipikia, ambayo mpaka leo yananishinda kuivisha. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu mimi na wewe huulizana hali mpaka laini inakatika, na jambo lenyewe linabaki mdomoni. Dereva mmoja wa lori amesema amepata mafuta ya kumfikisha Gitega, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Ujumbe wako niliupata. Mariamu alinifikishia kama ulivyousema: "Mi siko naona tena vizuri. Mwezi ikiisha nafunga chumba ya kazi, meza nitapa fundi viatu. Zuhura kama anarudi, arudi. Kama harudi, aseme, mi sitakasirika." Baba, hilo la kutokasirika ndilo lililoniuma. Ningependa ukasirike. Siku ile naondoka ulinipa bisibisi yako ndogo yenye mpini mwekundu, ukarudi kuinamia redio ya watu bila neno. Nilitembea kutoka mtaani kwetu Magarama mpaka kwenye basi nikisubiri uniite. Ni miaka miwili sasa, na bado ni kama nasubiri.

Jibu lako limo humu ndani. Lakini nivumilie, nikusimulie kwanza mashine niliyoijenga, maana bila hiyo nisingejua nikujibu nini.

Hapa yupo bwana mmoja, Yeremia, katika wale waliokulia ukimbizini Tanzania wakarudi. Analima, na siku za ibada na harusi anapiga filamu za kwaya, kisha anazikata na kuzipanga kwenye kompyuta. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa inakwama. Waimbaji wanafungua midomo, sauti inafuata baadaye kama mtu aliyechelewa mazishini. Akanijia, akaniomba nimjengee moja yenye nguvu kweli, kipande kwa kipande, kila kipande tukichague wenyewe.

Kukusanya vipande kulituchukua tangu mvua za mwisho. Kesi, sanduku la kubeba vyote, ilitoka Bujumbura juu ya magunia ya vitunguu. Bodi kubwa, ile ambayo vingine vyote hukaa juu yake, ilikuja pamoja na prosesa, ubongo wa mashine, kwa mfanyabiashara anayekwenda Kampala. Kadi ya picha, nzito kama tofali, ililetwa na mke wa Yeremia, Mama Neema, kutoka upande wa Kobero, mpakani. Aliipakata njia nzima ikiwa imefungwa kitenge, mpaka abiria mwenzake akamuuliza mtoto ana miezi mingapi. Kidogo kuliko vyote ni memori, vijiti viwili vyembamba. Kwa lugha yetu, Baba, memori ni meza ya mashine, pale inapotandaza kazi iliyo mkononi. Meza ikiwa finyu, hata fundi hodari atachelewa.

Siku ya kujenga nilifika kwao asubuhi. Dirisha ni la mbao, mlango wa mbao, meza ya mbao. Na juu ya meza Mama Neema alikuwa ametandika blanketi lake la harusi, lile zito la manyoya, jekundu, ambalo hata mgeni wa kulala hapewi. "Kitu cha thamani hivi hatuwezi kukilaza kwenye mbao tupu," alisema.

Nilijua halifai. Wewe hukuruhusu hata shati la nailoni lisogee karibu na kazi yako. Lakini mtu akikutandikia blanketi la harusi yake, utamwambiaje aliondoe? Niliona haya. Nikashukuru, nikaanza.

Na mkono wangu ulikwenda wenyewe dirishani kutafuta chuma. Ulikuta mbao. Nilipokuwa mdogo, pale chumbani kwako, nilidhani kugusa chuma ni sehemu ya dua: mtu anasema Bismillahi, anagusa nondo ya dirisha, ndipo anashika redio. Nikisahau ulinikamata mkono. "We, shika chuma mbele ya kushika kitu." Nami nilikuwa nagonga kwa ile pete ya fedha uliyonivisha nilipohitimu Kurani, na wewe, kichwa kikiwa ndani ya redio, unasema bila kugeuka, "Zuhura amefika." Baadaye sana, darasani, ndipo nilifundishwa kwamba mwili hubeba umeme mdogo usiomdhuru mtu lakini unaoua bodi, na chuma huutoa. Niliandika kwenye daftari kama wengine. Sikumwambia mwalimu kwamba nimeshafundishwa na baba yangu.

Basi, pale juu ya manyoya, nilipochukua kijiti cha kwanza cha memori, kidole kilichomwa kidogo na umeme ule. Nikajidanganya kwamba si kitu.

Tulipomaliza, Yeremia alibonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi. Tukangoja. Cheusi. Mama Neema aliweka mkono mdomoni. Mavuno yao ya misimu miwili yalikuwa pale mbele yangu, yanapuliza upepo tu.

Kisha mashine ikalia. Ndani ya kesi nilikuwa nimefunga kispika kidogo cha ile redio ya kijani uliyonipa nifungue nijifunze. Bodi za siku hizi haziji na kispika, na mafundi wenzangu wananicheka, lakini mimi siwezi kutengeneza kitu nisichoweza kukisikiliza. Ulikuwa unasema redio ina sauti, ordinateri, hizi kompyuta zetu, haina kitu. Nikafunga macho kama unavyofanya wewe. Mlio mrefu, kimya, mlio mrefu tena. Hapo nikajua kadi ni nzima na prosesa ni nzima. Bodi hulia hivyo inapodai memori.

Nikamwomba Yeremia jembe. Aliniangalia kana kwamba nimepigwa na jua kichwani, lakini akalileta. Tulitoa meza nje bila blanketi, nyuma ya nyumba, Mama Neema anapomwaga maji ya vyombo, na waya wa umeme tukaupitisha dirishani. Jembe tukalizamisha kwenye udongo ule wenye unyevu, umeme wa mwili upate pa kushukia. Kabla ya kushika kila kipande niliinama nikagusa chuma cha jembe, na kila mara pete iligonga. Kijiti cha kwanza kilikuwa kimekufa. Cha pili kilikuwa hai. Kioo kikawaka mchana kweupe, kuku wakiwa miguuni.

Mama Neema aliniuliza kwa sauti ndogo kama ni blanketi. Nilimwambia blanketi halina kosa, kosa ni la fundi aliyejua akanyamaza. Yeremia akasema kimoja kinatosha kuanzia. Kingine nimekiagiza mimi.

Akaweka filamu ya kwaya yao. Midomo na sauti vikaenda pamoja, bila kukwama hata mara moja, na Mama Neema akaanza kuimba nao. Mimi nilitoka nikakaa karibu na jembe, nikalia. Furaha ya watu ilikuwa ndani, na mimi nilikuwa nakutaka wewe. Nilitaka uisikilize feni ile uniambie kama inazunguka sawa. Hapa nina kazi, watu wananiheshimu, adhana naisikia. Lakini hakuna anayejua ni mimi nimeingia kabla sijasema.

Hili ndilo jibu langu, Baba. Meza usimpe mtu. Fundi viatu mpe kile kiti cha mguu mmoja mfupi, anakipenda. Unasema macho yako yamechoka. Macho ninayo mimi. Masikio yako ndiyo nisiyonayo. Mashine za kujenga zipo Gitega pia, na za jirani, Giheta na Buraza, zitakuja zenyewe zikisikia. Mimi nitaona, wewe utasikiliza, na redio za wazee hatutazikataa.

Kijiti cha Yeremia kikifika nakiweka, nafunga mzigo, naondoka. Magari ni haba kwa shida ya mafuta, huenda nikalala Karuzi, huenda nikaja juu ya magunia kama ile kesi. Lakini kabla ya mwezi kuisha nitakuwa njiani, hata kwa miguu.

Nisalimie shangazi anayekaanga mandazi karibu na msikiti, mwambie ya huku yananywa mafuta mno. Mshukuru shemeji, mume wa Mariamu, kwa kukusaidia wakati mimi sipo. Na fundi viatu, jirani yetu, aniwie radhi.

Mariamu, siku nikifika usimwambie Baba. Mimi nami sitapiga hodi. Nitapita upande wa dirisha na kugonga nondo kwa pete.

Nawe, Baba, hapo uniite jina.

Mwanao,
Zuhura